Kiigizi Mkononi, Kiswahili Mlangoni

Katika baraza moja la washairi nililohudhuria hivi karibuni, mzee mmoja ninayemheshimu sana, aliyenifunza mengi ya vina na mizani, alisimama akasema kwamba michezo ya simu ndiyo inayokiua Kiswahili. Ukumbi ukampigia makofi. Kijana aliyekaa nyuma yangu akanong'ona: Kiswahili hakijawahi kuzaliwa katika michezo hiyo, basi kitauawaje? Nilinyamaza siku ile, maana si adabu kumkatiza mkubwa mbele ya hadhara. Leo nasema, kwa heshima zote. Mzee wangu amekosea kuhusu ugonjwa, na kijana yule amekosea kuhusu dawa. Zipo programu zinazoiwezesha simu ya kawaida kuendesha michezo ya mashine za zamani, na programu hizo ndizo mlango ulio wazi kuliko yote ambao Kiswahili kingeweza kuupita kuingia katika dunia ya michezo. Sisi tunaojiita walinzi wa lugha tumeupa mlango huo kisogo, kisha tunalalamika kwamba tumefungiwa nje.

Nianze na jambo nililoliona kwa macho yangu. Nina mpwa wa miaka 11. Jioni moja alikuwa akicheza kandanda kwenye simu ya mama yake, simu yenye ufa kiooni kutoka pembe hadi pembe. Mchezo wenyewe ulitengenezwa kwa ajili ya PSP, ile mashine ndogo ya Sony ya kushika mkononi. Timu yake ilikuwa imezidiwa. Akausimamisha mchezo, orodha ndefu ya maneno ya Kiingereza ikajitokeza, naye bila kusita akashuka, akabonyeza, akashuka tena, akabonyeza, kisha akarudi uwanjani na safu mpya ya ulinzi. Nikamwuliza, "Hapo umechagua nini?" Akanijibu bila kuinua macho, "Sijui imeandikwa nini, mjomba, ila ni ya tatu kutoka juu."

Jibu hilo halijanitoka kichwani. Mtoto huyu anasoma Kiswahili bila kukwama; mpe gazeti atakusomea hadi matangazo ya vifo. Lakini mbele ya kioo kile amegeuzwa kuwa asiyejua kusoma, anayehesabu mistari kama mtu apapasaye milango gizani. Mzee wangu angemwona angesema mchezo umemnyang'anya lugha yake. Mimi nasema mchezo haukumnyang'anya kitu. Sisi ndio ambao hatukumpelekea lugha yake mahali alipo.

Sasa tukitazame chombo chenyewe, kwa maana wengi wanaokilaani hawajui kinavyofanya kazi. Vijana hukiita emuleta, nami sina ugomvi na neno hilo. Mimi hupenda kusema kiigizi, kwa kuwa kazi yake ni kuiga mashine nyingine. PSP ilitoka Japani mwaka 2004. Ndani yake mna kichakataji cha ukoo wa MIPS, kinachofikia kasi ya megahezi 333. Simu zetu nyingi zina vichakataji vya ukoo wa ARM. Koo hizi mbili hazisikilizani: amri iliyoandikwa kwa ajili ya mmoja ni kelele tupu kwa mwingine. Kiigizi hukaa katikati yao, kikazigeuza amri za kwanza kuwa amri ambazo simu inazielewa, mamilioni kwa mamilioni kila sekunde, upesi kiasi kwamba mpira unaopigwa unaonekana umepigwa papo hapo.

Tena hugeuza kwa njia mbili ambazo kila mfasiri atazitambua. Njia ya kwanza ni ya mkalimani: husikia amri moja, huigeuza, huitekeleza, kisha husikiliza inayofuata. Ni njia ya uhakika lakini ya polepole, maana amri ileile ikirudiwa mara 1,000 hufasiriwa mara 1,000. Njia ya pili ni ya mfasiri wa maandishi: huchukua fungu zima la amri, hulifasiri mara moja, huiweka tafsiri hiyo katika kumbukumbu, na fungu likirudi huitumia tafsiri iliyokwisha kuwa tayari. Kwa njia hii ya pili, PPSSPP, kiigizi cha PSP kilichoanzishwa na Henrik Rydgård na kutolewa mwaka 2012, huweza kuendesha michezo mizito katika simu za bei ya kawaida. Picha hufasiriwa, sauti hufasiriwa, hata vitufe hufasiriwa kuwa alama za kuguswa juu ya kioo.

Basi tazama maajabu haya. Chombo kizima, kuanzia msingi hadi paa, ni kazi ya tafsiri. Kitu kimoja tu ndicho ambacho hakuna aliyekifasiri kwa ajili ya mpwa wangu, nacho ni maneno.

Hapo ndipo kijana wa nyuma yangu anapodakia: maneno yamo ndani ya mchezo, mchezo ni wa kampuni, na kampuni haitatuletea Kiswahili. Nusu ya kwanza ya hoja yake ni kweli. Hakuna kampuni itakayoufungua mchezo wa miaka 20 iliyopita ili kutuwekea lugha yetu. Lakini nani alisema lazima tungoje kampuni? Mwaka 2006 ulitoka Japani mchezo uitwao Mother 3, kwa ajili ya mashine ya Game Boy Advance. Hadithi yake iliandikwa na Shigesato Itoi, mtu wa kalamu hasa, nayo ni hadithi ya familia iliyofiwa. Nintendo haikuutoa kwa Kiingereza. Wapenzi wa mchezo huo hawakukaa kitako kulia. Kundi la watu wa kujitolea, mfasiri wao mkuu akiwa Clyde Mandelin, lilifasiri maandishi yote, na mwezi Oktoba 2008 likatoa kazi yake bure kwa mfumo wa kiraka: faili dogo lisilokuwa na mchezo wenyewe, lenye mabadiliko tu, ambalo mwenye nakala ya mchezo hulibandika juu yake. Watu wengi waliousoma mchezo ule kwa Kiingereza waliusoma ndani ya kiigizi.

Wenye Kiingereza, lugha iliyoshiba kuliko zote, waliona wamepungukiwa na mchezo mmoja wakajitolea kuufasiri. Sisi tumepungukiwa na yote, nasi tunapiga makofi ukumbini.

Najua pingamizi linalofuata, kwa sababu nimelisikia kwa wazee na kwa vijana pia: Kiswahili hakina maneno ya mambo hayo. La hasha. Lugha hii ilikuwa na istilahi za mchezo kabla ya umeme kufika pwani. Mkalishe mtu mbele ya bao lenye mashimo 32 na kete 64, umsikilize. Atakuambia habari za kunamua na mtaji, kutakata, nyumba, kichwa na kimbi. Kila neno lina maana yake kamili, na akilikosea wenzake watamcheka. Hayo ni maneno ya zamu, ya akiba, ya shambulio, ya eneo lenye thamani ya pekee. Ndiyo mambo hasa yanayojaza orodha za michezo ya mashine. Kwa hiyo upungufu wetu si wa maneno. Tumezoea kudhani kwamba mchezo wa mzee barazani ni utamaduni, na mchezo wa mtoto simuni ni upuuzi. Ndiyo maana hatujawahi kuchukua neno la huku kulipeleka kule.

Na hapa wasomaji wa ukumbi huu, watu wa mizani, wanisikilize kwa makini. Kufasiri mchezo wa zamani si kazi ya fundi wa kompyuta peke yake. Ni kazi ya mshairi. Chukua Game Boy ya mwaka 1989. Kioo chake kina upana wa pikseli 160, na kila herufi hukaa katika kijumba cha pikseli 8, hivyo mstari mzima una vijumba 20. Sanduku la maneno likichorewa fremu, kijumba kimoja huliwa kila upande, vikabaki 18. Mara nyingi mistari ni miwili tu. Mfasiri wa riwaya akipewa nafasi hiyo atakimbia. Mshairi hatakimbia, maana amezoea kupewa mizani 8 katika kipande na kuambiwa aseme jambo zima humo.

Nilijaribu mwenyewe kwa kalamu na karatasi ya mirabaraba. Mchezaji amefika penye mlango usiofunguka, na mchezo unapaswa kumweleza. Niliandika:

Mlango umefungika
Utafute ufunguo

Hesabu mizani: 8 na 8. Sasa hesabu vijumba, pamoja na nafasi iliyo kati ya maneno: 17 na 15. Yote yameingia. Si bahati nasibu. Silabi ya Kiswahili aghalabu ni herufi mbili au tatu, kwa hiyo kipande cha mizani 8 hukaribia sana upana wa sanduku lile. Si kila kipande kitakachoingia. Nilipotaka kumwambia mchezaji aliyepoteza kwamba ajaribu upya, niliandika "Umeshindwa, rudi tena". Mizani ni 8 kamili, lakini vijumba ni 21. Maneno yalimwagika nje. Nikakaa nayo usiku mzima kama mtu anayetafuta kina cha mwisho. Asubuhi nikaandika "Hujafa, inuka tena". Mizani 8, vijumba 18, hakuna kilichozidi wala kilichopungua. Na tazama: ufinyu wa nafasi umenilazimisha kupata maneno bora kuliko yale ya kwanza. Nani kati yetu hajawahi kupata fadhila hiyo kutoka kwa mizani?

Kuna neema nyingine tuliyopewa bila kuomba. Mfasiri wa Kirusi au Kiarabu, akiingia katika mchezo wa zamani, hulazimika kuchora herufi zake moja moja na kuzipandikiza katika jedwali la mchezo. Kiswahili sanifu kwa hati ya Kirumi hakihitaji herufi hata moja ambayo Kiingereza hakina. Ng'ombe anadai alama ya juu tu, nayo aghalabu imo. Njia imesafishwa, sisi hatupiti.

Nije sasa kwenye pingamizi zito, ambalo sitalikwepa: ati haya yote ni wizi. Hapa lazima tutenganishe vitu viwili. Kiigizi ni kitu kimoja, na faili la mchezo ni kitu kingine. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani, katika kesi ya Sony dhidi ya Connectix, iliamua kwamba kunakili programu ya ndani ya PlayStation kwa ajili ya kuichunguza, ili kutengeneza kiigizi chake, kulikuwa matumizi halali. Kwa upande mwingine, mwaka 2024 Nintendo iliwashitaki watengenezaji wa Yuzu, kiigizi cha mashine yake ya Switch iliyokuwa bado ikiuzwa, kwa madai ya kuvunja kufuli za michezo; washitakiwa walikubali kulipa dola milioni 2.4 na kukifunga. Na mchezo wenyewe una mwenyewe. Sitaki kumdanganya msomaji: faili nyingi zinazopitishwa mkono kwa mkono mitaani kwetu, simu hadi simu, hazina ruhusa ya mtu yeyote, na faili la mpwa wangu lilitoka hukohuko. Sisemi hilo ni jambo jema. Nasema kwamba kiraka cha Kiswahili kisingekuwa na mchezo ndani yake. Kingebeba tafsiri yetu tu.

Lakini wanaotamka neno "wizi" kwa wepesi wajibu na swali hili: kazi ambayo mwenyewe ameacha kuiuza, ataihifadhi nani? Utafiti wa Video Game History Foundation uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyowahi kutolewa Marekani haipatikani tena madukani kwa njia yoyote ya kawaida. Mwaka huohuo, mwezi Machi, Nintendo ilifunga maduka ya mtandaoni ya mashine zake za 3DS na Wii U. Mashine huchakaa, betri za kaseti hufa, diski huota madoa. Sisi watu wa tenzi tunaifahamu hali hii. Chuo cha Herekali, ambao nakala yake mashuhuri ina tarehe ya mwaka 1728, umetufikia kwa sababu palikuwa na mikono ya kunakili. Muhamadi Kijuma wa Lamu alinakili tenzi kwa mkono wake. Baadaye kazi hizo zikahamishwa kutoka hati ya Kiarabu hadi hati ya Kirumi, zikasomwa na watu ambao wasingeweza kuisoma karatasi ya asili. Kazi ileile, chombo kingine. Kiigizi hufanya jambo hilohilo kwa mchezo. Anayemheshimu mnakili wa Lamu hana haki ya kumdharau mnakili wa leo kabla ya kumwuliza ananakili nini, na kwa idhini ya nani.

Na asiyetaka kugusa mali ya mtu hata kwa ncha ya kidole, naye amewekewa njia nyeupe. Ipo programu ya bure iitwayo GB Studio, iliyotoka mwaka 2019, inayomwezesha mtu asiyejua lugha za kompyuta kutunga mchezo mpya kabisa wa Game Boy, ukachezeka katika kiigizi chochote cha mashine hiyo ndani ya simu. Mchezo wako, hadithi yako, maneno yako. Hapo hakuna kampuni ya kuombwa wala sheria ya kuvunjwa. Kinachohitajika ni hadithi na mtu wa kuiandika katika vijumba 18. Hadithi tunazo tele. Hao watu wa kuandika ndio wale waliokuwa wakipiga makofi ukumbini.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu tuliwahi kuthubutu. Katika miaka ya 2000, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliifasiri OpenOffice kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Ulikuwa ushahidi kwamba programu iliyo wazi haimwombi mtu ruhusa ya kuisemesha lugha yake. Tangu hapo tumepata mengi ya kujivunia. UNESCO imeitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, na kila mwaka tunavaa vizuri tukahutubia. Lakini hotuba za tarehe 7 Julai hazijawahi kumfikia mtoto anayehesabu mistari kutoka juu.

Basi napendekeza mambo matatu. Kwanza, tuanze na menyu za viigizi vyenyewe. Maneno ya PPSSPP yamewekwa katika mafaili ya maandishi matupu, kila mstari ukiwa na neno la Kiingereza upande mmoja na nafasi ya tafsiri upande wa pili. Mtu yeyote anaweza kujitolea. Pili, wachache wetu tutunge mchezo mmoja mfupi kwa GB Studio, wenye maneno yasiyozidi yale ya utenzi wa beti 50. Tatu, na hili ndilo la muhimu, kabla ya kuipeleka kazi hiyo kwa mabingwa, tumpe mtoto. Akikwama penye neno, tusimkemee kwamba hajui lugha, tulibadilishe neno. Nimeona istilahi nyingi zikizaliwa katika semina na kuzikwa hukohuko, kwa sababu hazikuwahi kupita mikononi mwa mtu mwenye haraka ya kufunga goli.

Mzee wangu, nakuomba radhi kwa kukupinga hadharani, na nakuomba zaidi uje katika kazi hii. Mwenye sikio la mizani kama lako ndiye tunayemhitaji, wala hutalazimika kugusa simu. Karatasi ya mirabaraba inatosha. Na wewe kijana uliyenong'ona nyuma yangu, ninayekudhania kuwa unavijua viigizi kuniliko, njoo utuonyeshe jinsi kiraka kinavyobandikwa. Mkikaa nyinyi wawili meza moja kwa wiki chache, kazi imekwisha.

Jana mpwa wangu alinijia tena, nami nikamwonyesha karatasi yangu. Akaisoma kwa sauti, "Hujafa, inuka tena", kisha akaniuliza, "Mjomba, huu ni mchezo gani?" Nikamwambia haujatengenezwa bado. Akasema, "Ukitengenezwa uniwekee."

Naomba kutoa hoja.